Desemba hii jiko la mkaa lilale nje

Najua wiki hii unaisoma safu hii mbiombio, pengine uko kwenye foleni ya tiketi stendi ya Mbezi, pengine umesimama dukani unasubiri muuzaji akutafutie namba ya kiatu cha mwanao. Ndiyo Desemba yenyewe. Shule zimefungwa, nyumba imejaa kelele, sukari iliyokuwa ikikaa wiki mbili inakwisha kwa siku nne, na kila unayekutana naye anauliza jambo lile lile: "Mwaka huu mnaenda nyumbani?"

Hapa mtaani kwetu Tabata dalili zote zimeshaonekana. Kwaya imeanza mazoezi ya usiku, na hata majirani wasio wa kanisa lile wameshazishika nyimbo zote. Fundi cherehani wa pale kona hapokei tena simu, maana ana vitambaa vya watu tangu Oktoba na sasa ndiyo anakumbuka kuvikata. Maembe yamejaa barabarani, watoto wanakula mpaka midomo inawaka. Na vikoba vinavunjwa. Hilo la vikoba nitalirudia.

Leo nina mambo machache ya nyumbani ya kukumbushana kabla ya sikukuu. Mengi ni madogo. Moja si dogo, nalo ni jiko la mkaa. Limenikalia kooni miaka kadhaa na sijawahi kuliandika hapa. Nitalifikia.

Nianze na chakula, kwa sababu ndicho kinachotukutanisha. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Muislamu, mimi ni Mkristo. Asubuhi ya tarehe 25 mume wake ndiye anayetuchinjia kuku, na mwaka tukiwa na uwezo, mbuzi. Hatujawahi kukaa kikao juu ya jambo hilo. Ni kwamba sahani ya pilau ikitoka kwangu iweze kuingia nyumba yoyote ya mtaa huu bila mtu kuuliza swali. Ikifika Idi sahani zile zile zinarudi zimejaa. Mimi bado nina bakuli lake moja la mwaka jana, na naogopa kulirudisha tupu.

Sasa, pilau hiyo. Wengi wetu tunapika alfajiri kabla ya ibada, sufuria kubwa inafunikwa na kukaa pale jikoni hadi jioni, kila anayeingia anapakuliwa. Kinachobaki kinalala pale pale, asubuhi kinapashwa moto. Halafu tarehe 26 watoto wawili wanaharisha, tunasema ni soda nyingi. Mara nyingi si soda. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa uvuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaliana na kuacha sumu, na sumu ya aina hiyo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka utoe mvuke. Kwa hiyo kipimo ni saa mbili. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto la Dar es Salaam la mwezi huu ukifanya saa moja na nusu si vibaya. Kama una friji, pakua pilau kwenye sinia au vyombo vifupi ipoe haraka, ndipo uingize. Ukiingiza sufuria nzima ya moto, katikati kutabaki na joto hadi usiku wa manane. Kama huna friji, pika mara mbili sufuria ndogo. Najua ni kazi mara mbili. Lakini kumbebesha mtoto wa miaka mitatu ndoo ya kutapikia siku ya Boksingi Dei nayo ni kazi.

Na akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti pamoja na dawa ya zinki, vinapatikana duka la dawa na kituo cha afya. Ukikosa pakiti usiku huo, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, si vya kurundika. Usizidishe chumvi kwa kudhani unamsaidia. Mtoto asiyekunywa, macho yaliyozama, anayelegea au anayeharisha damu, huyo hasubiri asubuhi.

Tuje kwenye vikoba. Kikundi chetu ni cha wanawake 24, tunaweka hisa kila Jumamosi na tunagawana wiki ya pili ya Desemba. Mwaka mmoja nilipokea shilingi 640,000. Nilijiona tajiri. Nilinunua vitenge, nikatuma hela ya mbuzi, nikalipa nauli za watu watano, nikawapa watoto wa shemeji zangu noti mpya mpya kama vile nimetoka Ulaya. Tarehe 2 Januari nilikuwa na 85,000 na binti aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza cha bweni. Serikali ilifuta ada kuanzia Januari 2016 kwa shule zake hadi kidato cha nne, tunashukuru, lakini fomu ya kujiunga bado ina godoro, ndoo, shuka, sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa na nauli ya kumpeleka. Nilikopa kwa mama mmoja wa kikundi kile kile. Nililipa mpaka Aprili.

Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba theluthi ya kila mtu ibaki kwenye sanduku mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Tuligombana! Wengine walisema hela ni yao, kwa nini washikiwe kama watoto. Mimi nilinyamaza, maana nilijua habari zangu. Hoja ikapita kwa kura mbili. Tangu hapo sijakopa Januari. Kama kikundi chako kimeshagawana na hamna utaratibu huo, fanya peke yako: nunua viatu vya shule na madaftari kabla hujakata tiketi ya basi, uvifungie kabatini. Viatu acha nafasi ya kidole kimoja mbele, mtoto huyu anakua hata akiwa kwa bibi. Na waulize binamu zake wakubwa, kila ukoo una mkoba na sketi zilizolala bure.

Kabla sijaondoka kwenye fedha: dada wa kazi naye ana kwao. Kila Januari nasikia malalamiko, "alienda Krismasi hakurudi." Ukiuliza kwa utaratibu, unakuta aliondoka na mshahara wa nusu mwezi na ahadi. Mlipe chote, mpe na nauli ya kurudia. Mwenye nauli mkononi na asiyedai mtu anarudi kwa moyo mweupe, na asiporudi, basi amekuaga kwa heshima na wewe hulali na deni la binti wa watu.

Wanaosafiri na kufunga nyumba, nina neno moja ambalo wengi hulisahau. Mnakumbuka kufunga mtungi wa gesi, kuchomoa friji na pasi, kumwambia mjumbe na jirani. Vizuri. Na picha za safari zisubiri mrudi, siyo unaweka kwenye status ya WhatsApp kwamba familia nzima iko Moshi mpaka tarehe 5. Kinachosahaulika ni maji. Ndoo ya bafuni, beseni chini ya bomba, pipa lisilo na mfuniko, sahani chini ya vyungu vya maua. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku kama 7 hadi 10. Ninyi mnakaa huko wiki mbili. Mnarudi mnakuta mmefuga. Jiji hili lilisumbuliwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mwaga kila kilichobaki, pindua ndoo, funika tangi. Ni kazi ya dakika kumi mlango ukiwa bado wazi.

Wanaobaki mjini wataenda ufukweni tarehe 26, na mwenye kujua ufukwe wa Dar siku ile anajua mchanga hauonekani kwa watu. Mpige mwanao picha asubuhi akiwa amevaa nguo za siku hiyo. Akipotea hutahangaika kukumbuka kama fulana ilikuwa ya njano au ya kijani, utaonyesha simu. Muandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu. Na watu wazima pale wagawane zamu kwa jina: "Sasa hivi ni wewe unayeangalia maji." Tukiwa kumi tunaoangalia, hakuna anayeangalia.

Haya. Jiko.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye joto, kitanda chetu kilikuwa na shuka moja na hiyo moja tulikuwa tukiipiga teke usiku. Nimeolewa Rombo. Mwaka wa kwanza kwenda huko na watoto wote watatu, mdogo akiwa na miaka minne, tuliingia jioni mvua ikinyesha. Mjini Moshi kuna joto kama la kawaida, ndiyo maana watu wa pwani tunadanganyika tukishuka pale. Ukianza kupanda kwenye migomba na kahawa, hewa inabadilika. Lango la Marangu la kupandia mlima lipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya juu havipo chini yake sana. Usiku wa mvua, hata Desemba, mtoto wa Tabata aliyekuja na kaptula anatetemeka.

Nyumba ilikuwa imejaa. Hiyo ndiyo raha yake. Watu wametoka Arusha, Dar, Mwanza, mmoja Nairobi. Mbuzi amefungwa chini ya mgomba, mbege imeshachachuka, kina mama wako jikoni na sufuria ya mtori ambayo mtoto angeweza kuogea humo. Wazee wana kikao chao cha ukoo, na mwaka ule kulikuwa na ndugu wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, mmoja akaja ameshika jani la sale. Kwa Wachagga jani lile ukilipokea umeshasamehe. Alipokea. Sisi wake za watu tulitazama kwa dirishani tukalia.

Watoto walilazwa tisa chumba kimoja, magodoro chini. Mtoto wangu wa katikati akaja kwangu mara mbili, "Mama, baridi." Blanketi zilikuwa zimekwisha. Nikaona jiko la mkaa lililotumika kupikia chai bado limekolea, makaa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nikalibeba mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikaliweka kwenye kona ya chumba mbali na godoro ili wasije wakaungua. Wifi yangu akaweka sufuria ya maji juu yake, akasema ndiyo kinga. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua. Tulifunga mlango ili joto lisitoke. Tulijiona kina mama wenye akili.

Kilichotuokoa ni mtoto kutapika. Saa nane usiku mpwa wa mume wangu, wa miaka kumi na mmoja, aliamka kichwa kinamgonga, akatoka akiyumba, akatapikia korido. Baba yake alidhani ameonjeshwa mbege, akaanza kumgombeza. Mtoto akasema, "Na wenzangu hawaamki." Ndipo shemeji yangu alipofungua mlango ule.

Tuliwatoa mmoja mmoja mpaka uwanjani kwenye mvua. Saba walikuwa wanalalamika kichwa, wanalia, wanatapika. Mwanangu mdogo hakulia. Alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa, nikimwita anafungua macho nusu na kuyafumba. Shangazi mmoja akaja mbio na maziwa. Kwetu kila sumu tiba yake ni maziwa, na nilishamnyanyua kichwa ili nimnyweshe, shemeji akanipiga mkono kikombe kikaanguka. Nilimchukia kwa dakika nzima. Kumbe mtoto aliyelegea hivyo ukimnywesha kitu kinaweza kuingia kwenye mapafu, na maziwa hayana la kufanya na hewa iliyo kwenye damu. Tulimbeba kwa pikapu ya jirani hadi hospitali, akawekewa oksijeni kwa saa nyingi. Asubuhi aliomba chapati.

Daktari wa zamu alinieleza kwa kunichorea nyuma ya karatasi, nami nawaeleza alivyonieleza. Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa kuni unakukimbiza mwenyewe, unakohoa unatoka. Hii haikukimbizi. Makaa mekundu safi tunayoyaamini kwamba "yameshaiva" ndiyo yanayoitoa bila kukupa dalili yoyote. Ukiivuta, inashika zile chembe za damu zinazobeba oksijeni, na inazishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo unapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi kitu. Aliyelala haamki akahangaika. Usingizi unazidi kuwa mzito. Watoto wanawahi kuzidiwa kwa sababu wanapumua haraka kuliko sisi, na mama mjamzito mtoto aliye tumboni naye anapata sehemu yake.

Nikamuuliza habari ya sufuria ya maji. Akasema maji yanapunguza ukavu wa hewa, gesi ile hayaigusi. Nikauliza kama ningeacha dirisha wazi kidogo. Akanitazama, akasema, "Kidogo kiasi gani? Wewe ungelala ukipima?" Sikuwa na jibu.

Jambo jingine alilosema ndilo linalonifanya niandike hata kwa ninyi ambao hamtapanda mlima wowote. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, usingizi. Sisi tukiona hivyo tunasema malaria. Mtu anameza dawa, anajifunika, anarudi kulala kwenye chumba kile kile chenye jiko. Tofauti ni hii: watu wawili watatu wa chumba kimoja mnaumwa kichwa kwa pamoja, hamna homa, na mkitoka nje mnajisikia nafuu. Hapo usitafute panadol. Toka na kila mtu, fungua milango, jiko liende nje, na aliyelegea au aliyezimia apelekwe hospitali hata kama ameshaanza kuzungumza. Usimnyweshe kitu. Ukiingia kumtoa mtu, vuta pumzi nje, fungua mlango na madirisha, mtoe, msikae ndani kujadiliana. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba yao ni 114, bure.

Maana huku mjini hatuotei moto, lakini tunalala na jiko. Wangapi tunaoishi chumba kimoja na sebule, mvua inaponyesha jioni jiko linaingizwa ndani? Wangapi tunainjika maharage usiku na kuyaacha yatokote taratibu mpaka asubuhi, jiko likiwa pale miguuni pa kitanda, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi? Kuna wanaofunika makaa kwa majivu ili moto usife wapate kuanzia asubuhi. Makaa yaliyofunikwa bado yanaungua, na yanayoungua kwa shida ndiyo mabaya zaidi. Maharage yaloweke usiku kucha kwenye maji, uyamwage, kesho yataiva mapema na mkaa utapungua. Jiko limalizie kuwaka nje, kama ni barazani basi baraza liwe wazi, na asubuhi lianze upya. Utapoteza vipande vichache vya mkaa. Jenereta nayo, kwa wanaokodi ya sherehe, isiwekwe korido wala karibu na dirisha la chumba walichomo watoto.

Sasa nisimulie sehemu ambayo ni ngumu kidogo. Mama mkwe hakusema neno hospitalini. Kesho yake, sherehe ikiendelea kwa sauti ya chini, alisema mbele ya wifi zangu, "Sisi tumelea watoto kumi na jiko ndani, hakuna aliyekufa." Nilisikia kama ananiambia watoto wangu ni laini. Nami nikajibu kitu ambacho mkwe hajibiwi. Hatukuzungumza vizuri hadi tulipoondoka, na mwaka uliofuata hatukwenda. Tulisema nauli.

Nilikuja kuelewa baadaye, alipokuwa ameketi kwangu Tabata anamenya viazi. Nyumba yake aliyoolewa nayo ilikuwa ya nyasi na udongo, upepo unapita pembeni na juu, na moto ulikuwa wa kuni katikati. Nyumba tuliyolala sisi watoto wake waliijenga kwa michango yetu, matofali ya saruji, dari, madirisha ya vioo, milango inayofunga sawasawa. Tulimjengea nyumba nzuri isiyovuja hewa, halafu tukaingiza jiko. Yeye hakuwa mwongo, wala mimi sikuwa mzembe. Nilimwambia samahani kwa maneno yale. Aliendelea kumenya. Kisha akasema usiku ule na yeye alikuwa ameona nikilibeba jiko, akafurahi moyoni kwamba mkwe wake wa pwani ameanza kujua mambo ya kule.

Kwa hiyo mnaokwenda nyanda za juu mwezi huu, Moshi vijijini, Rombo, Lushoto, Njombe, Makete, Mbeya, fungasheni baridi. Kila mtoto soksi jozi mbili na sweta moja zito, kofia ya kulalia kwa walio chini ya miaka mitano. Blanketi moja kwa kila watoto wawili, hata kama linachukua nafasi ya nguo ya sikukuu. Ukiwa kwenye basi weka begi la sweta juu, siyo kwenye buti, kwa sababu tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 wengi tunafika alfajiri, na alfajiri ile haina mchezo. Wanaopanda treni ya Moshi, ambayo ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kulala, nao wajue usiku dirishani kuna upepo. Kama nyumbani hakuna blanketi za kutosha, watoto walale wengi godoro moja, wakandamizane. Chemsha maji jioni, mimina kwenye chupa za plastiki ngumu zinazofunga vizuri, zungushia kitambaa, weka miguuni dakika kumi kabla hawajaingia kitandani, kisha uzitoe. Wapate uji wa moto kabla ya kulala. Na kama unataka kuota moto na wazee, na ni raha kweli, uote jikoni au uwanjani, wote mkiwa macho, mkimaliza hadithi moto ubaki huko huko.

Mtihani wenyewe utakuwa kumwambia mama mkwe, au shangazi, au mwenyeji yeyote anayekuletea jiko kwa upendo saa nne usiku. Usimwambie ni hatari mbele ya watu, atasikia anaambiwa hajui kulea. Mimi siku hizi nalipokea kwa mikono miwili, nasema asante mama, nalitoa kwa mlango wa nyuma. Ukiona huwezi, mwambie daktari wa watoto amekataza. Nakuruhusu unitumie mimi.

Sisi tunaondoka tarehe 20. Mama mkwe alipiga simu juzi kuuliza kama mdogo, ambaye sasa ananizidi urefu, bado anapenda ndizi za kuchoma. Halafu akasema amemwita fundi amjengee banda dogo la bati nje ya mlango wa jikoni. "La jiko," akasema. "Mvua isilinyeshee, na lisipate sababu ya kuingia ndani."

Wiki ijayo, nikipata mtandao kule juu, tutachambua fomu za kujiunga kidato cha kwanza, kipi kinunuliwe sasa na kipi kinaweza kusubiri Februari. Mwenye swali alilete mapema.